Bahari Iliyokaa Sebuleni

Mimi ni mtu ninayerudi mlangoni kuhakikisha nimefunga, halafu narudi tena kuhakikisha kwamba kweli nilihakikisha. Nakunja shuka kwa kufuata mistari yake. Nikiandika barua na kosa likatokea kwenye neno la mwisho, naanza ukurasa upya. Kwa hiyo siku shemeji yangu, mume wa dada, aliponikabidhi bahari, alimpata mtu anayefaa kabisa, na akaniharibia maisha.

Nasema bahari kwa sababu yeye ndivyo alivyoiita. Ulikuwa wakati ambao kila kitu kimekuwa ruksa. Kule Majengo tulikokuwa tunaishi maduka yalifunguka hata kwenye madirisha ya vyumba vya kulala, na shemeji, aliyeanza kwa kununua mahindi Laela gunia mojamoja, sasa alikuwa na lori lake na ghala lililogusana ukuta na sebule. Mzungu mmoja fundi wa barabara alikuwa anarudi kwao akauza vitu vya nyumbani. Wenzake shemeji wakagombania jokofu na makochi. Yeye akarudi na tangi kubwa la kioo, samaki wa baharini wakiwa ndani ya ndoo, pakiti za chumvi maalumu, hita, pampu ya hewa na kijitabu.

"Jokofu kila mtu atakuwa nalo," alisema. "Bahari, Sumbawanga nzima, ninayo mimi."

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, nakula kwake bila kazi. Kijitabu kilikuwa cha Kiingereza kigumu. Nilikisoma na kamusi pembeni mpaka kikaachana na gundi yake. Nikajifunza kuyeyusha ile chumvi, kuipima kwa kidude cha kioo kinachoelea, na kuangalia joto la maji kabla sijapiga mswaki. Mimi niliyezaliwa Laela, ambaye maji mengi kuliko yote niliyokuwa nimeyaona ni mafuriko ya darajani, nikawa mtaalamu wa maji ya chumvi. Dereva wa lori alikuwa akinikuta nafuta kioo ananiita daktari.

"Mambo, daktari? Wagonjwa wanaendeleaje?"

"Poa. Usiguse kioo."

"Sijagusa."

"Umepumulia."

Samaki wenyewe walikuwa wazuri kiasi cha kutia aibu. Walikuwepo wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, wa bluu kadhaa wenye mikia ya njano, na mmoja mnene mwenye mistari tuliyempa cheo cha Mwenyekiti, kwa sababu hakuwa na kazi yoyote na alikula wa kwanza. Shida ilikuwa pampu. Ilinguruma. Jumuiya ilipokuja kusali rozari kwetu wakati wa Kwaresima, mama mmoja alisema hawezi kumfikiria Bikira Maria huku mashine ya kusaga ikisikika. Shemeji akatoboa ukuta, akapitisha mpira mrefu, na pampu ikahamia ghalani, juu ya rafu, ikawa inangurumia huko peke yake. Sebule ikatulia, mapovu yakaendelea kupanda, Pasaka ikapita, mvua zikaisha, na kila kitu kikawa sawa mpaka mavuno.

Ndipo alipokuja Bibi.

Bibi alikuwa mama yake shemeji, mjane kutoka Mpui, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu walio ng'ambo ya shamba. Alikuja amekaa mbele kwenye lori, na nyuma yake lori limejaa mahindi mapya, na juu ya mahindi kifurushi chake cha ulezi ambacho hakumwamini mtu kukishika. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kulikuwa na madaktari wa macho wanaozunguka mikoani, na walitarajiwa hospitali ya mjini siku chache zilizofuata. Wakipita wamepita. Kurudi kwao ilikuwa mpaka mwaka mwingine, kama wangerudi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Sogea nikuone." Akanishika uso kwa mikono yote miwili kama anayechagua boga. "Sikuoni. Lakini umekonda. Wanakulisha hapa au wanalisha samaki tu?"

Tulimkalisha kwenye kochi karibu na tangi, kwa sababu hita ilikuwa inatoa kijoto na Juni ya kwetu haina huruma, upepo unapita uwandani kama unadai deni nyumba kwa nyumba. Akasikiliza mapovu.

"Hicho kinachochemka ni nini?"

"Ni samaki, Bibi. Wa baharini."

"Wanaiva lini?"

Siku mbili baadaye, asubuhi, nikakuta samaki mmoja wa bluu anaelea ubavu. Siku iliyofuata wawili. Hawakuwa na kidonda, wala doa, wala ukungu, wala dalili yoyote kati ya zile zilizochorwa kwenye kijitabu. Walianza kwa kuogelea mshazari kama walevi wa pombe ya ulezi, wakatetemeka, wakajigonga kwenye kioo, basi. Nilipima chumvi ikawa sahihi. Nikapima tena kwa sababu sikujiamini, kisha nikapima maji ya kunywa ya nyumbani ili nijue kama kidude chenyewe kina akili. Nilibadilisha maji. Niliwahoji watoto wa dada mmoja mmoja, mlango umefungwa, kama wanawapa samaki ugali. Mdogo alilia akakiri ugali, maandazi, na kifungo cha shati. Kifungo nilikikuta. Hakikuwa na hatia.

Mji wetu una sifa zake. Ukisema tu umetoka Sumbawanga, abiria mwenzako kwenye basi anakuachia kiti kizima. Sisi wenyewe tunacheka utani huo tukiwa ugenini, tukirudi nyumbani tunaacha kucheka. Jirani alikuja kuazima chungio, akaangalia tangi, akamwangalia Bibi aliyekuwa anasinzia pembeni yake, akasahau chungio akaenda zake. Jioni wakaja majirani wengine, kila mmoja na kitu chake cha kuazima.

"Mimi sisemi kitu," dada yangu akaniambia jikoni. Dada yangu akianza hivyo ujue anasema. "Nasema tu samaki wameishi hapa miezi yote hiyo. Mama mkwe ameingia, wameanza kufa. Sijamtaja mtu."

"Umemtaja mama mkwe."

"Nimetaja siku aliyokuja. Siku siyo mtu."

"Dada, Bibi hata hawaoni. Ataroga vipi asichokiona?"

"Wewe mtoto," alisema, akikata vitunguu kwa hasira, "kwani kuroga ni kulenga shabaha?"

Kusema kweli sikuwa na uhakika. Hilo linaniuma kuliko yote. Nilikuwa kijana wa kijitabu na vipimo, na bado nilijikuta nasubiri Bibi aende msalani ndipo niangalie chini ya kochi lake. Nilikuta ganda la karanga na rozari yake. Niliirudisha rozari jinsi ilivyokuwa, msalaba ukiangalia ukuta.

Shemeji naye hakumtuhumu mama yake. Hakuna mtu aliyemtuhumu. Ilikuwa tu kwamba wateja wa mahindi walianza kusimama nje badala ya kuingia ndani kunywa chai, na shemeji ni mtu wa biashara. Samaki wa rangi ya chungwa alipokufa mmoja, mwenzake akabaki anazunguka pale pale, shemeji akaweka kikombe chini.

"Mama," akasema, kwa sauti ya kubembeleza mteja, "naona baridi ya mjini inakusumbua. Lori linakwenda Mpui Jumamosi."

"Madaktari wanakuja Jumatatu."

"Tutakupeleka wakija tena."

Bibi akageuza uso kuelekea kwenye tangi, akakosa kidogo, akaangalia redio.

"Nimezaa watoto tisa," aliiambia redio, "sikujua wa mwisho atanibadilisha na dagaa."

"Siyo hivyo, mama."

"Basi niambie ilivyo. Nina macho mabovu, masikio ninayo."

Shemeji akatoka kwenda kuhesabu magunia, ambayo ndiyo ibada yake. Mimi nikabaki nimesimama na kitambaa cha kufutia kioo mkononi. Nilijua wazi: nisipopata kinachoua samaki kabla ya Jumamosi, mwanamke yule atarudi Mpui kukaa gizani, na kila mtu hapa ndani, pamoja na mimi, ataendelea kula vizuri tu.

Ndipo umeme ukakatika. Haikuwa ajabu, ila safari hii ulikatika moja kwa moja, mji mzima, watu wakasema mtambo umekufa. Nikachanganyikiwa. Kijitabu kilisema samaki bila hewa na bila joto ni marehemu. Nikakaa pembeni ya tangi na jagi, nachota maji namimina kutoka juu ili yapate hewa, nachota, namimina, kama mpishi aliyerukwa na akili. Nikajaza maji ya moto kwenye chupa nikaziegemeza kwenye kioo. Nikatafuta kitu cha kulifunika tangi lisipoe.

"Chukua blanketi langu," akasema Bibi.

"Utapata baridi, Bibi."

"Wanasema nawaua. Acha nione kama naweza kuwafunika." Akacheka hadi akakohoa. "Na wewe ulivyo, mume wangu, mtu akiolewa na wewe atamwagiwa maji kwa jagi mchana kutwa."

Tukakaa hivyo, yeye ananisimulia namna mumewe alivyokuwa akikoroma, mimi namimina. Shemeji akapita akaniona, akatikisa kichwa. Ghalani vijana wa kupakua walikuwa wanaendelea na kazi yao ya msimu: mahindi yanamwagwa sakafuni, yananyunyiziwa unga wa dawa ya dumuzi, yanageuzwa kwa koleo, yanarudi kwenye magunia. Dumuzi akiingia kwenye mahindi anakuachia unga bila kwenda mashineni, kwa hiyo kila mfanyabiashara alikuwa anatia dawa, na shemeji alikuwa anatia kwa mkono mpana. Nilisikia vijana wanapiga chafya. Nilikuwa nazisikia chafya hizo tangu mavuno yaanze.

Na hakuna samaki aliyefariki. Siku hiyo hakufa. Iliyofuata hakufa. Mwenyekiti, aliyekuwa amejilaza kwenye kona kama mtu anayeandika wosia, akanyanyuka akala. Maji yalikuwa ya baridi, hewa ni ya jagi, Bibi yuko pale pale kwenye kochi, tena karibu zaidi kuliko zamani, blanketi lake likiwa limelizunguka tangi lenyewe. Kama pumzi ya Bibi ingekuwa sumu, hapo ndipo tungezika wote.

Ijumaa asubuhi umeme ukarudi. Mtaa mzima ukashangilia. Taa ikawaka, redio ikaanza kuongea katikati ya sentensi, na mapovu yakapanda kwenye tangi, mengi, mazuri. Nikaanguka kwenye kiti kwa furaha. Kabla chai haijapoa, samaki wa bluu aliyebaki akaanza kuogelea mshazari.

Dada alikuwa mlangoni. "Unaona?" akasema kwa sauti ya chini. "Ameanza tena."

Nikamwangalia Bibi. Alikuwa amelala, mdomo wazi. Nikaangalia mapovu. Mimi ni mwoga wa kila kitu, lakini nina kipaji kimoja cha waoga, sisahau mpangilio wa mambo. Umeme ukikatika wanapona. Umeme ukirudi wanakufa. Umeme unaleta nini humu ndani ambacho jagi langu haliwezi kuleta? Hita ni joto tu. Pampu ni hewa tu.

Hewa ya wapi?

Nilikimbia ghalani nikiwa na soksi tu. Vijana walikuwa wamejifunga vitambaa puani, koleo zinapanda na kushuka, na vumbi jeupe limesimama chumba kizima kama ukungu wa asubuhi njiani Mpui. Juu ya rafu, katikati ya ukungu huo, pampu yangu ilikuwa inanguruma kwa bidii, imevaa koti jeupe, inavuta, inavuta, inasukuma kwenye mpira, inapeleka sebuleni. Miezi yote iliyopita ghala lilikuwa tupu. Chini ya rafu mende walikuwa wamelala chali, miguu juu. Nikaokota pakiti ya dawa iliyotupwa. Mimi, niliyesoma kijitabu cha samaki hadi jina la mpiga chapa, sikuwa nimewahi kusoma pakiti hiyo, kwa sababu mahindi hayakuwa idara yangu. Nyuma palichorwa samaki, na juu yake pamepigwa mstari.

Nikang'oa waya ukutani. Nikarudi na jagi. Yule wa bluu hakupona.

Shemeji nilimwonyesha kila kitu: pampu, vumbi, mende, mchoro. Nilitoa maelezo marefu, yaliyopangika, ambayo nilikuwa nimeyatunga kichwani kwa raha kubwa. Nadhani nilitabasamu. Wakati huo nilitaka kuwa sahihi kuliko nilivyotaka Bibi abaki, na hilo ndilo jambo baya nililoligundua katika uchunguzi wote.

Yeye alielewa kabla sijafika katikati. Akafunga mlango.

"Umemwambia nani?"

"Bado."

"Usimwambie mtu. Unajua wakisikia mahindi yangu yameua samaki?"

"Siyo mahindi, shemeji. Ni vumbi la dawa kwenye maji. Kwa mahindi, ukitia kipimo chake—"

"Kipimo!" Akanikata. "Mteja hanunui kipimo, ananunua gunia. Akisikia neno sumu na jina langu kwenye sentensi moja, anakwenda kwa mfanyabiashara mwenzangu. Nyamaza."

"Na Bibi?"

Akajikuna shingo. Kwa mara ya kwanza nilimwona hana bei ya kutaja.

"Kwanza tuone," akasema. "Mimi siamini maneno. Pampu iondoke ghalani. Kama wataendelea kufa, mama anakwenda kesho. Kama hawafi, anabaki."

"Pampu niiweke wapi? Sebuleni jumuiya watalalamika."

Hapo wazo likanijia, wazo la kijinga, na nikalisema kabla sijaogopa. "Chumbani kwa Bibi. Chini ya kitanda. Tuone kama pumzi yake inaua."

Shemeji akacheka kicheko alichokuwa ameinyima nyumba yote tangu mavuno.

Nikaiosha pampu na mpira kwa maji ya moto mara nyingi kuliko ilivyohitajika, nikabadilisha maji karibu yote, nikatumia pakiti ya mwisho ya chumvi. Chumba cha Bibi kilikuwa upande wa pili wa sebule, nikapitisha mpira chini ya mlango. Nikamweleza yote, hata lile la chini ya kochi na rozari. Alisikiliza amekunja mikono.

"Kwa hiyo wanavuta hewa yangu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na mimi nikila maharage?"

"Sijui, Bibi. Kijitabu hakisemi."

Pampu ilipoanza kunguruma chini ya kitanda, akakigonga kitanda kwa kiganja. "Haya, marehemu amerudi," akasema.

Jumamosi nilikuwa kwenye tangi kabla ya wote. Mwenyekiti alikuwa anaogelea sawasawa. Yule wa rangi ya chungwa, mjane sasa, alikuwa anakula. Dereva akapiga honi nje, akaingia kuchukua mzigo wa Mpui.

"Daktari, mama tunaondoka naye?"

Kila mtu alimwangalia shemeji. Shemeji aliangalia samaki. "Peleka magunia matupu," akasema, na akaondoka haraka kabla mtu hajamwona uso.

Dada aliingia chumbani kwa Bibi na uji wa ulezi, ule wa kifurushi, akakaa hadi bakuli likaisha. Nilisikia wanaongea taratibu, pampu ikiwafunika maneno.

Mtaa haukuambiwa kitu, kwa hiyo ukajiamulia. Ikasemekana mama wa Mpui amekasirishwa, akaua, akabembelezwa, akawaacha. Iliniuma hadi nikakosa usingizi. Nilitaka nisimame sokoni na pakiti mkononi. Nilimwambia Bibi.

"Waache," akasema. "Zamani walikuwa wananiamkia wakiwa wanatembea. Siku hizi wanasimama."

Jumatatu nilimsindikiza hospitalini. Walimfanyia operesheni jicho la kulia, wakamfunga kitambaa, na siku ya kukitoa nilimkalisha kwenye kochi lake, dada upande mmoja, shemeji amesimama nyuma anajifanya anatafuta funguo. Bibi alipepesa. Akaniangalia mimi kwanza, akasikitika. Akamwangalia mwanawe, akasema, "Umenenepa." Kisha akainama, pua ikagusa kioo nilichokuwa nimekifuta asubuhi ile, akawatazama samaki waliobaki wakipita mbele yake.

"Ndio hawa?"

"Ndio hao, Bibi."

Akawafuatilia kwa jicho moja, kushoto, kulia.

"Vidogo hivi!" akasema. "Hata kwenye ugali havitoshi." Na akapumulia kioo, kwa makusudi, akijua ni mimi nitakayefuta.